Kikuba Kilichokwenda Faza

Sifa njema zote ni za Mola, aliyetupa pua kabla hatujajua jina la harufu, akatupa machozi kabla hatujajua jina la huzuni, kisha akatugawia ndimi mbalimbali ili tupate la kuulizana. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa meno machache aliyoniachia, na kwa kumbukumbu ambayo mpaka leo hajaichukua. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Baada ya hayo, nawasimulia wenzangu wa rika langu jambo moja la utoto wangu hapa Amu, maana najua mtalipokea kama wenyeji, si kama wageni.

Limerudishwa na mjukuu wangu. Anasoma chuo Mombasa, na Idi iliyopita alikuja akala, akalala, akaondoka. Alipofika kwake akanitumia sauti kwenye simu. "Bibi," akasema, "ule wali wako na kamba wa nazi, wallahi, ulikuwa delight." Baadaye nikagundua kwamba neno hilo kwake ni la kila siku. Chipsi ni delight. Feni ni delight. Mwalimu asiyetokea darasani, naye pia ni delight. Nikampigia kumuuliza lina maana gani, nami najifanya silijui.

"Ni happy tu, Bibi," akanijibu, "lakini ile happy ya mababi."

"Mababi ni nani?"

"Watu wenye vyao."

Nikacheka naye. Kisha nikakata simu, nikakaa pale pale juu ya kitanda, nami nahisi harufu ya asumini chumbani mwangu ambamo hamna asumini. Mwaka haujazunguka tangu mama yangu atangulie mbele ya haki, baada ya kuishi mpaka akawa mwepesi kama mtoto. Na yeye, ambaye hakuingia skuli hata siku moja, ndiye aliyenifundisha namna ya kulitumia neno lile.

Baba yangu alikuwa fundi wa chokaa. Nyumba nyingi za mtaa wetu zilipita chini ya mikono yake, na jioni akirudi mimi nilikuwa nikiujua mwendo wake kwa harufu kabla ya kusikia viatu: chokaa mbichi, jasho, na mafuta ya nazi aliyojipaka viganjani ili visipasuke. Mama alikuwa akimngoja kwa harufu yake mwenyewe. Baada ya alasiri alioga, akafukiza udi kwenye chetezo, akakitia chini ya leso zake zilizotandazwa juu ya tega, tenga la fito la kufukizia nguo, na nyumba nzima ikajaa moshi mtamu mpaka kwenye ngazi. Nilikuwa nikiamini kwamba moshi ule ndio uliomvuta baba nyumbani, kama uzi.

Baba akafa wakati wa likizo, kwa homa ya siku chache. Watu wakaja, wakasoma hitima, wakala, wakaondoka. Ami yangu, ndugu yake baba, alikuja kwa mashua kutoka Faza na akabaki mpaka wageni walipokwisha. Siku aliyotaka kuondoka alisimama nje ya pazia la chumba cha ndani, kwa kuwa shemeji hakufaa tena kumwona mama, akasema naye kwa sauti ya chini.

"Bi Rukia, mimi naona mwana huyu nimtwae. Akae na bibi yake Faza. We utakuwa ndani, huwezi kutoka, na nyumba haina mwanamume. Kule wako wenziwe, iko skuli, yuko bibi yake ambaye hana kicheko tena ila kwa mjukuu."

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nikichambua mchele. Nikangoja mama aseme hapana. Hakusema hapana. Hakusema kitu chochote. Nikasikia Ami akikohoa, kisha akasema, "Basi wewe fikiri. Nitakuya tena," na viatu vyake vikashuka ngazi.

Kesho yake mama alifungua sanduku lake la mvule. Akatwaa chetezo, ambacho hakikuwashwa tangu msiba, akakifuta majivu, akakifunga kwa kitambaa, akakitia ndani. Akatia na chupa ya halwaridi, kidau cha wanja, vipuli vyake, bangili, na leso zile za rangi, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu. Kisha akafunga sanduku kwa ufunguo. Akabaki na nguo iliyofifia, akaketi chumba cha ndani, na hakutoka hata mlangoni.

Sasa mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Nimewasomesha wasichana wa mtaa huu mambo ya eda mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwamba mjane hukaa nyumbani kwake na kuacha manukato na mapambo mpaka muda wake utimie, na kwamba hilo ni heshima wala si adhabu. Lakini wakati ule hapana mtu aliyenambia. Walidhani mtoto haelewi, au walidhani anajua. Mimi nilichokijua ni kwamba mtu akivikunja vitu vyake vizuri akavitia sandukuni, anasafiri. Baba alikwenda. Mama atamfuata. Ndiyo maana hakumkatalia Ami. Mimi nitapelekwa Faza, naye aende zake huko aliko baba, na nyumba itafungwa.

Sikumuuliza. Watoto wa Amu tuliolelewa siku zile hatukuuliza mambo ya wakubwa. Tulisikiliza pembeni tukajaza wenyewe palipobaki. Nikawa mtoto wa kimya. Nikila, nakula kidogo. Nikicheka, najizuia, nikihisi kicheko kitamharakisha kuondoka.

Skuli zikafunguliwa, na kwenye darasa letu akaja mwalimu mpya kutoka bara. Jina lake Mwalimu Wanza. Alikuwa mwanamke mrefu, Mkristo, mwenye sauti ya kupendeza na Kiswahili kilichotuchekesha, naye hakukasirika tulipocheka. Hakuujua mji, wala hakujua msiba uko nyumba gani. Siku moja akaandika ubaoni neno hilo, delight, akageuka akapangusa chaki mikononi.

"Happy mnajua," akasema. "Joy mnajua, tumeimba. Hii ya leo si kama hizo. Happy ni vile uko. Joy inakaa ndani, hata mtu hawezi iona. Lakini delight ni kitu inakupata. Inaingia kwa macho, inaingia kwa mapua, inaingia kwa masikio. Ulikuwa umekaa tu, halafu hiyo kitu ikakuja, na roho ikaruka. Nani atanipa mfano?"

Shee, aliyekuwa akikaa nyuma yangu, akainua mkono. "Halwa, mwalimu."

"Shee, wewe kila neno yako inaishia kwa tumbo."

"Si umesema yaingia, mwalimu? Halwa nayo yaingia."

Darasa likapasuka. Hata yeye akacheka, akasema mfano ni sahihi. Akatueleza kwamba neno hilo halisemwi ovyo. Mtihani ukipita husemi delight, hiyo ni nafuu tu. Ukiacha kuumwa jino husemi. Ni lazima kiwepo kitu chenyewe, ukione au ukinuse, nawe ukipokee. Kisha akasema laweza kutumiwa hata kwa mtu, mtu mzima akawa delight wa mwenzake, lakini hilo tutalifikia baadaye.

Nikainua mkono. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alisikia sauti yangu.

"Mwalimu, mtu akiwa na delight, aweza kuondoka akaiwacha?"

"Hapana," akasema. "Mtu hawezi acha kitu inampatia delight. Atakaa nayo karibu."

Akatuambia Jumatatu kila mmoja alete kitu kimoja kutoka nyumbani, kitu cha kweli, chenye kustahili neno hilo.

Mimi nilikuwa nimeshajua nitaleta nini, na si kwa ajili ya darasa. Kama mtu haachi kinachompa delight, basi kazi yangu ilikuwa kumrudishia mama kile kilichofungwa sandukuni. Ufunguo alikuwa nao shingoni, udi sikuweza kuupata. Lakini kikuba, kile kishada cha asumini alichokuwa akikivaa kifuani, ningeweza.

Jirani yetu Bi Barke ndiye aliyekuwa akitunga vikuba vya mtaa mzima, vya harusi na vya Maulidi. Uani mwake ulikuwapo msumini uliopanda ukuta, na mkadi, na rehani kwenye makopo ya samli. Nilimkuta Jumapili baada ya alasiri akichuma vitumba vya asumini kabla havijafunguka, kwani vikichumwa vimeshafunguka huchakaa usiku mmoja.

"Nataka kikuba, Bi Barke."

"Nani aolewa?"

"Hapana mtu."

"Kikuba hakina mwenyewe?"

"Ni cha skuli."

Akaacha kuchuma. "Siku hizi skuli wasomesha vikuba? Basi nami na waniandike kazi. Nitakaa mbele na chaki, niwaambie watoto wa watu, haya, huu mkadi, semani mkadi."

"Ni neno la Kizungu, Bi Barke. Lataka kitu cha kunukia."

"Wazungu nao," akasema, lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza. Alinikalisha kando yake akanionyesha: vitumba vya asumini kwa duara, katikati kipande cha mkadi kilichokunjwa, rehani nyuma ya kubeba harufu, uzi ukazungushwa na kukazwa kwa meno. Akanipa cha pili nitunge mwenyewe, kikavunjika. Cha tatu kikasimama. Akanifungia kwa kitambaa kibichi, akaniambia nikiweke mahali pa baridi mpaka asubuhi.

"Mamako yu hali gani?" akauliza nilipokuwa naondoka.

"Yuko ndani."

"Mola amsubirishe," akasema. Kama angenipa maneno mawili zaidi, kisa hiki kisingekuwapo. Lakini naye alidhani najua.

Jumatatu darasa lilikuwa soko. Mmoja alileta kigae cha sahani ya kale yenye ua la buluu. Mmoja alileta gamba la kobe. Mtoto kutoka Kipungani aliyekaa kwa shangazi yake mjini alileta ukili wa mkeka ambao mamake alikuwa hajaumaliza, wa rangi tatu, na hakutaka mtu aushike. Shee akasimama na karatasi tupu yenye mafuta.

"Iko wapi halwa?"

"Delight imekwisha ndiani, mwalimu."

Zamu yangu ilipofika, nilifungua kitambaa. Asumini zilikuwa zimefunguka zote usiku, nyeupe kabisa, na harufu ikaenda mpaka ukuta wa nyuma. Mwalimu Wanza aliinama akafumba macho. Nadhani alikuwa mbali na kwao, na hakuwa amenusa kitu kizuri kwa siku nyingi. Alipofumbua akasema, "Sasa hii ndiyo neno lenyewe." Kisha akanirudishia akanikunjia vidole juu yake. "Usiache ikauke hapa. Peleka kwa mtu unataka afurahi. Mvalishe na mkono yako."

Hakujua, Mola amlipe kheri. Aliniambia jambo ambalo katika nyumba nyingine yoyote ya Amu lingekuwa jema.

Nilikimbia njia nzima. Na nilipofika nyumbani nikaona viatu vya Ami pale chini ya ngazi.

Alikuwa amekaa ukumbini, kofia yake gotini, akinywa kahawa. Pembeni yake palikuwa na kitita kilichofungwa kwa leso. Niliijua leso. Niliyajua hata matuta ya kitita: gauni langu la Idi, kitana changu, juzuu yangu. Mama alikuwa ameshanifungia.

"Karibu, mwana wa ndugu yangu," Ami akasema kwa upole. "Nenda kaagane na mamako. Maji yajaa sasa, na yakitoka hatupiti mkondo wa Mkanda mpaka kesho."

Sikumwamkia. Nilipita mbele yake nikainua pazia. Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka karibu na ukuta, tasbihi mkononi, na uso wake, sasa najua, ulikuwa uso wa mtu aliyelia akanawa. Nikapiga magoti. Nikafungua kitambaa. Nikanyoosha mkono nimtie kikuba kifuani, pale alipokuwa akikivaa siku zote.

Akarudi nyuma. Mwili wake wote ulirudi mpaka mgongo ukagusa ukuta, na viganja vyake vikainuka mbele yangu.

"Usinitie. Kiondoe, mwanangu. Kiweke kule."

Sijui kama ninyi mmewahi kukataliwa na mama. Mimi ni siku hiyo tu, katika maisha yote. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Basi enda. Enda safari yako."

"Safari gani?"

"Ya kumfuata baba. Umeshatia vitu sandukuni. Mimi niende Faza, nawe uende."

Tasbihi ikaacha kusogea. Nje ya pazia, kikombe cha Ami nacho kikatua juu ya sinia.

Mama akakichukua kikuba kwa kitambaa chake, akakiweka mbali kwenye kidaka cha ukuta, akarudi akanivuta akanikalisha mapajani, mtoto mkubwa kama nilivyokuwa.

"Nani alokwambia nasafiri?"

"Hapana mtu. Sanduku."

"Sanduku," akasema. Akanieleza, pale pale, kwa maneno mepesi, eda ni nini. Kwamba amekaa kwa amri ya Mola na kwa heshima ya baba. Kwamba vitu vile havikwenda popote, vinangoja, na yeye anangoja. Kwamba hakukikataa kikuba kwa sababu ni changu. Amekikataa kwa sababu muda wake haujafika. "Muda ukitimia," akasema, "hata ukinitia kumi nitavaa."

"Na mbona ulinyamaza Ami aliposema?"

Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. "Nilikuona huli. Nilikuona hucheki. Nikasema, nyumba hii imemwelemea mwanangu, na mimi sina la kumpa. Labda Faza na wenziwe atacheka."

"Mimi nilinyamaza ili usende."

"Nami nilinyamaza ili upone," akasema.

Tulikuwa tumeishi nyumba moja wiki kwa wiki, kila mmoja akimlinda mwenziwe kwa kunyamaza, mpaka tukakaribia kupoteana.

Kisha akaniuliza kwa nini kikuba, na kwa nini leo. Nikamweleza neno. Nilieleza vibaya, nikachanganya macho na mapua na halwa ya Shee, lakini nikaweka wazi lile la mwisho: kwamba mtu hawezi kukiacha kile kinachompa delight, hukaa nacho karibu.

"Mwalimu ndiye alosema hivyo?"

"Ndiye."

"Huyo wa bara?"

"Ndiyo, mama."

Akaweka tasbihi kando. Halafu akainua sauti ivuke pazia. "Shemegi."

"Labeka, Bi Rukia."

"Mwana hendi."

Ami akasogea karibu na pazia. Alikuwa mtu mwema. Sitaki msomaji amwone vingine. Alikuwa amesafiri na ahadi aliyompa mamake. "Bi Rukia, mama amengojea. Ametandika kitanda. Nikirudi mikono mitupu nitamwambia nini?"

"Mwambie eda ikisha nitamleta mimi mwenyewe, tukae naye mwezi mzima, sote wawili. Lakini hatoki mikononi mwangu. Huyu ndiye nilobakishiwa cha kutazama." Akanigusa bega. "Mpe Ami kikuba, ampelekee bibi yako. Mama wa marehemu hana eda, kwake ni halali kuvaa. Mwambie mjukuu wake amemtungia kwa mkono wake."

Nilikitoa kidakani nikampelekea. Ami alikigeuza-geuza kwa vidole vikubwa kama mtu aliyepewa yai. "Nitakitia wapi? Kitapata maji." Akafikiri, akakikunja ndani ya kitambaa kibichi, akakiweka juu ya kichwa chake, akavaa kofia juu yake. Kofia ikasimama kama kitumbua.

"Watu wa mashua watasema nimekuya Amu kuoa," akasema. Na nyuma ya pazia nikasikia mama akicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kimekatwa upesi kwa mkono mdomoni, lakini nilikisikia. Ami naye akakisikia, kwa sababu aliinua kitita changu akakirudisha mlangoni mwa chumba, asiseme neno, akateremka ngazi.

Kesho yake Mwalimu Wanza aliponiuliza nilimpa nani kikuba changu, nikamwambia kimekwenda Faza, na nikamweleza sababu. Akashika mdomo. Jioni ile alikuja nyumbani akiwa amejitanda mtandio ambao hakujua kuufunga, na sukari na majani ya chai mkononi, kuomba radhi. Mama akamwambia hapana radhi, akamkalisha mkekani. Hawakuwa na mengi ya kusemezana, huyu na Kiamu chake, huyu na Kiswahili cha bara. Nilikaa katikati nikawasaidia.

"Muulize," mama akanambia, "lile neno, laweza kusemwa kwenye nyumba yenye msiba?"

Mwalimu alifikiri kwa uaminifu, si kama mtu anayetaka kumfurahisha mjane. "Wengi hawasemi," akajibu. "Lakini hakuna mahali imekatazwa. Kama kitu yenyewe iko, unaweza."

"Na kwa mtu, lasemwa?"

"Kwa mtu inasemwa. Unaweza mwita mtu hivyo."

Mama akalijaribu. Likatoka kinywani mwake likiwa na vokali zake zote, dilaiti, kama jina la msichana wa Kiamu. Sisi tunao usemi wa dua, tunamwomba Mola atujaalie watoto wawe kiburudisho cha macho yetu, na mama akanambia hilo neno la mwalimu ni lile lile, limevaa nguo nyingine tu. Sikuwa na elimu ya kumjibu. Leo ninayo kidogo, na bado sioni alipokosea.

Tangu siku hiyo akaniita hivyo. Si mbele ya watu, wala si kila wakati. Nikirudi kutoka skuli, sauti ilitoka ndani ikiniita chakulani: "Dilaiti, ndoo ule." Eda ilipotimia, alioga, akafungua sanduku, na nyumba ikajaa moshi mpaka kwenye ngazi. Sikukimbilia kikuba. Nilisimama nikinusa, nikajua kwamba moshi ule hautamvuta tena baba, na kwamba hata hivyo ni mtamu. Tulikwenda Faza mwezi mzima kama alivyoahidi. Bibi alikuwa amekitundika kile kikuba msumarini juu ya kitanda, kimekauka, rangi ya chai, na hakutaka mtu akiguse.

Nimeolewa, nimezaa, nimefiwa. Nami nimekaa eda yangu, na siku ya kwanza kabla ya kufunga sanduku niliwaita wajukuu wote wadogo mle ndani, nikawaonyesha kila kitu ninachokitia, nikawaambia, siendi mahali. Mmoja akauliza kama naweza kuacha pipi nje. Nikaacha.

Mama alizeeka mpaka majina yakamtoka. Akaniita kwa jina la dadake, akaniita Bi Barke, siku moja akanamkia kama mgeni. Lakini asubuhi nikimpelekea uji, kabla hajafumbua macho, akisikia tu mwendo wangu, midomo yake ilisema dilaiti. Neno la lugha asiyoijua lilikuwa la mwisho kumtoka.

Alipofariki, nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Sanda ilikuwa imeshafukizwa udi, kwenye chetezo chake mwenyewe. Wakanipa kafuri na mafuta mazuri, nikampaka pale panapopakwa, paji la uso, pua, viganja, magoti. Binti wa Bi Barke alikuwa ameleta asumini kutoka uani kwao, msumini ule ule, zimechumwa kabla hazijafunguka. Nikazikusanya, nikanyoosha mkono, nikamwekea kifuani pale alipokuwa akivaa siku zote.

Mara hii hakurudi nyuma.

Simlaumu mjukuu wangu anayelitumia neno lile kwa chipsi na feni. Lina nafasi ya kutosha. Nitamwambia tu, akija, kwamba bibi yake aliwahi kuitwa hivyo, na kwamba sasa hapana wa kuniita. Nami sina manung'uniko. Aliyenipa ndiye aliyechukua, na alinipa kwa muda mrefu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mola akuruzuku wa kukungoja mlangoni, na ulimi wa kumuuliza kabla hamjapoteana kwa kunyamaza. Akuburudishe macho kwa uwapendao wangali hai, na wale waliotangulia awanukishie makaburi yao. Amina.